Niambie Uliposhukia: somo la kutoa maoni juu ya kisa cha safari

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Somo hili niliwaahidi baada ya yaliyotokea Jumamosi barazani, pale tunaposomeana tuliyoyaandika. Kwa wasiokuwapo: kijana wetu mmoja alisoma kisa chake cha safari ya Lamu, kurasa tatu, karatasi zikimtetemeka mkononi. Alipomaliza, kimya. Kisha mmoja akasema, "Mashallah, umeandika vizuri." Mwengine, "Hongera, endelea vivyo hivyo." Mzee wetu, yule ambaye kila mtu hungoja neno lake, akapuliza kahawa yake na kusema, "Safari ni hatua." Basi. Kijana akakunja karatasi zake. Tulipokuwa tukielekea Makadara, hapa Mombasa, kutafuta tuktuk akaniuliza, "Maalim, kwani nimeandika vizuri au nimeandika vibaya?"

Sikuwa na jibu. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema mashallah.

Sisi watu wa pwani tuna staha, na mimi siipingi. Lakini staha hiyo mara nyingi humwacha mwandishi pale pale tulipomkuta. Tena tukiamua kusema, twasema kwa mafumbo, kana kwamba twachagua jina la leso ya kumvalia jirani. Fumbo ni tamu kwa anayelifumba. Mtu anayetaka kujua aya yake ya pili ina kasoro gani halimsaidii kitu.

Na msidhani nimekaa juu ya mnara nawatazama. Miaka kadhaa nyuma binti mmoja aliniletea kisa cha safari yake ya Milima ya Taita. Nikakaa nacho usiku kucha na kalamu nyekundu, nikahesabu makosa kwa fahari: sitini na mawili. Nikamrudishia. Akasema "ahsante, maalim," kwa adabu zake zote, na tangu siku ile sijaona hata mstari wake mmoja. Nikikumbuka makosa yenyewe, mengi yalikuwa koma.

Kwa hivyo somo hili nimeliandika kwa wanaosema mashallah na kwa wenye kalamu nyekundu. Mimi nimekuwa wote wawili.

Hatua ya kwanza: muulize anataka nini

Kabla ya kusoma, uliza. Je, hii ni rasimu ya kwanza, au kesho inapelekwa kwenye gazeti? Anataka kujua kama kisa kinaeleweka, au kama kinachekesha, au anataka tu mama yake akisome? Swali moja linatosha. Ukimpa wa rasimu ya kwanza maoni juu ya nukta na koma, ni kama kumpigia pasi mtu kanzu ambayo bado iko kwa fundi.

Hatua ya pili: soma mara ya kwanza mikono mitupu

Weka kalamu mbali. Kama kisa kiko kwenye simu, usianze kuandika jibu ukiwa katikati. Soma mpaka mwisho kama unavyosoma kitu chochote cha kukufurahisha. Mara hii ya kwanza ndiyo mara pekee utakayokuwa msomaji halisi, hujui kinachokuja mbele. Ikishapita hairudi.

Hatua ya tatu: weka alama ulipopandia na uliposhukia

Hapa ndipo penye somo lote, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kila kisa cha safari ni matatu. Mwandishi ni dereva, wewe ni abiria. Kuna mahali ulipanda, yaani sentensi iliyokufanya utake kuendelea. Na kuna mahali ulishuka. Huenda macho yaliendelea kusoma lakini wewe ulikuwa umeshafika nyumbani, unafikiria mchuzi. Rudia kisa mara ya pili, sasa na kalamu, na kando ya mistari andika maneno mawili tu: "nimepanda" na "nimeshuka". Usieleze kwanza. Usitibu. Weka alama.

Mtaniuliza kwa nini maneno mawili haya yana thamani kuliko ushauri. Kwa sababu ushauri wako unaweza kuwa na makosa, lakini kushuka kwako hakuna anayeweza kukupinga. Ukimwambia mtu "anza na mazungumzo", atabishana nawe, na pengine ana haki. Ukimwambia "hapa nilishuka", hana la kubisha. Ni wewe uliyeshuka. Na dereva akijua kwamba abiria wanne kati ya watano wameshukia steji ile ile, hahitaji makanga kumwambia kuna tatizo.

Kijana wa Lamu ameniruhusu nitumie aya yake bila jina. Hii hapa:

"Siku hiyo niliamka mapema sana. Nilioga, nikanywa chai, nikaelekea stejini. Basi liliondoka na safari ikaanza. Njiani tuliona mambo mengi ya kuvutia. Tulipofika Mokowe tulipanda boti. Bahari ilikuwa imechafuka na mawimbi yalikuwa makubwa kama nyumba. Niliogopa sana, sijawahi kuogopa vile maishani. Namshukuru Mungu tulifika salama. Lamu ni mji mzuri wenye historia ndefu. Kwa kweli safari hii ilinifunza mengi."

Alama zangu zilikuwa hivi. Kwenye "nilioga, nikanywa chai": nimeshuka. Kila mtu huoga. Kwenye "mambo mengi ya kuvutia": nimeshuka tena, na hapa kwa hasira kidogo, maana barabara ile ya Malindi, Garsen na Witu ina mengi kweli kweli, na yeye ameyafungia ndani ya gunia na kuniambia gunia limejaa. Kwenye "tulipanda boti": nimepanda. Kwenye "mawimbi makubwa kama nyumba": nimepanda, halafu nimeshuka papo hapo. Nitasema kwa nini mbele. Kwenye "ilinifunza mengi": nilikuwa nimeshashuka zamani.

Angalia kwamba nilipopanda ni mahali pamoja tu, pale kwenye boti na mawimbi yake. Usilifiche hilo, lakini pia usilidharau. Alama moja ya kupanda humwonyesha mwandishi kisa chake kiko wapi. Cha kijana huyu hakiko Mombasa wala hakiko Lamu. Kiko ndani ya ile boti.

Hatua ya nne: uliza maswali yenye majibu madogo

Ukishajua mahali, uliza. Lakini usiulize "ulihisi vipi?", maana atakujibu "niliogopa sana", na hilo ameshaliandika. Uliza kitu ambacho jibu lake laweza kushikika mkononi.

Mimi nilimpigia simu Jumapili, nikamuuliza: "Ulipoogopa, mikono yako ilikuwa wapi?"

Akanyamaza. Halafu akacheka. "Nilikuwa nimeshika kuku, maalim."

"Kuku wako?"

"Si wangu. Wa bibi aliyekaa kando yangu."

Jamani! Kuku hayumo katika kurasa zote tatu. Nikamwambia andika hilo na usiandike jingine. Jioni akaniletea hii:

"Tulipoacha gati la Mokowe maji ya chumvi yalinirukia usoni, nikashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Kando yangu bibi mmoja alikuwa amepakata kuku wawili waliofungwa miguu. Akanitazama, akaitazama mikono yangu, akanipa kuku mmoja. 'Nishikie huyu,' akasema. 'Huo ukingo hauna haja nawe.'"

Neno "niliogopa" limeondoka, na woga umebaki. Sikumfundisha mimi. Nimeuliza swali moja tu la mikono.

Wanaodhani vitu vidogo kama hivi ni vya kupamba tu, wamkumbuke Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani. Alipita hapa kwetu mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Na bado akatuachia kwamba Mombasa ilikuwa na misikiti ya mbao, kwamba milangoni kulikuwa na visima vifupi, maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini, watu wakiosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Alisimulia hayo miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa kwao Morocco, na mtu mwengine akayaandika. Angesema "Mombasa ni mji mzuri wenye historia ndefu" nani angekuwa anamtaja leo? Huo mkeka wa kufutia miguu ndio unaonifanya niamini kwamba alisimama mlangoni.

Hatua ya tano: kagua safari yenyewe

Kisa cha kubuni kina uhuru wake, lakini anayesema "nilikwenda" amenipa ahadi. Kwa hivyo kagua njia, majira na saa.

Turudi kwenye mawimbi makubwa kama nyumba. Maji ya kati ya Mokowe na kisiwa cha Lamu ni mkono wa bahari uliokingwa na ardhi pande zote mbili. Upepo ukivuma utalowa, boti itaruka, na asiyezoea atasoma dua zote anazozijua. Lakini nyumba, hapana. Msomaji wa Lamu akifika hapo atacheka, kisha hatakuamini tena hata ukimwambia jua lilichomoza mashariki. Nilimwambia kijana hivi: "Mawimbi haya sikuyaamini, lakini woga wako nauamini. Nipe woga bila nyumba."

Mifano mingine niliyokutana nayo: mtu alitweka tanga mwezi wa Januari, na upepo wa kusi ukamsukuma kutoka Mombasa hadi Lamu. Januari ni kaskazi, upepo utokao kaskazini, na kaskazi ingemrudisha kusini, Shimoni. Mwengine alishuka kwenye treni ya SGR, ile ya reli mpya ya Nairobi, na "kwa hatua chache" akawa Mwembe Tayari, katikati ya mji, ilhali kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa kabisa. Mwengine akaiita Fort Jesus ngome ya Waarabu, wakati walioijenga ni Wareno, kati ya 1593 na 1596, na Waoman wakaja kuiteka baadaye. Na saa, jamani, saa! Mtu aandika "tuliondoka saa mbili" halafu aya inayofuata ni alfajiri. Amechanganya saa ya Kiswahili na ya simu.

Ukisahihisha haya, sahihisha kwa upole na kwa uhakika. Kama huna uhakika, angalia kwanza. Hakuna aibu kama ya kumsahihisha mtu aliyekuwa sahihi.

Hatua ya sita: tazama amewaandikaje watu wa huko

Sisi watu wa Mombasa tunajua ladha ya kuandikwa. Kila mgeni aliyekaa siku tatu Nyali anaandika kwamba sisi ni wakarimu, wapole, hatuna haraka. Twakasirika, na ni haki yetu. Kisha mmoja wetu huenda Turkana siku nne, akarudi na "wenyeji wakarimu wasio na haraka".

Ukiona neno "wenyeji" zaidi ya mara mbili, muulize mwandishi: ni nani? Bibi wa kuku si "mwenyeji". Ni bibi wa kuku.

Hatua ya saba: chagua mambo matatu, uyaseme wazi

Hata ukiona kumi, matatu. Moja la kupanda, moja la kushuka, na swali moja. Hayo mengine yahifadhi kwa rasimu ijayo. Makosa ya tahajia mpe kando, kwa karatasi nyingine, siku nyingine.

Namna ya kusema, kwa mfano wa kijana wetu: "Nilipanda ulipoingia kwenye boti, na ningependa ukae humo zaidi. Aya ya kwanza nilishuka kwenye chai, kwa sababu bado sijui unakwenda wapi wala kwa nini. Na ulikuwa unakwenda Lamu kwa nani?" Umeona? Hakuna "vizuri" wala "vibaya". Hakuna methali. Kila neno lina mahali pake kwenye karatasi, na yeye anaweza kuweka kidole.

Epuka "lakini" baada ya sifa. "Umeandika vizuri, lakini..." Kila mtu husikia kilicho nyuma ya lakini na kusahau kilichotangulia. Sema la kwanza, nukta, kisha la pili.

Halafu nyamaza. Kisa ni chake. Akikataa yote matatu ana haki hiyo, na usiende kumnunia kwenye arusi ya mtu.

Maswali ya wanachama

Dada wa Likoni: *Maalim, shikamoo. Aliyenipa kisa ni ami yangu, mtu mzima, alikwenda Hija na ameandika daftari nzima. Nitamwambia vipi mtu kama huyu kwamba nimeshuka?*

Marahaba. Kwanza, mkubwa kukupa daftari lake amekwisha kukufungulia mlango, usisimame nje ukipiga hodi. Pili, kwa mkubwa tumia maswali tu, uache alama za kushuka. Nenda naye kwenye ukurasa na umwambie: "Ami, hapa Mina nilitaka kujua, mlilala wapi? Nani alikuwa hemani nawe?" Atakaa akusimulie nusu saa, na katika nusu saa hiyo atasema mambo mazuri kuliko yaliyomo daftarini. Ndipo umwambie, "Ami, hilo ulilosema sasa hivi halimo. Liandike." Hujamkosoa hata kidogo, na daftari limepata ukurasa mpya. Chukua kalamu wewe umwandikie kama macho yake yamechoka.

Kijana wa Kisauni: *Mwandishi ameandika mazungumzo kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa: mato, mtele, ndaa. Nimsahihishe aweke macho, mchele, njaa?*

Ukimgusa utakutana nami. Kama msemaji ni mtu wa Mombasa, mwache aseme alivyosema. Pitia Mji wa Kale utazame barabara yenyewe: ni Ndia Kuu, na hakuna aliyeibadilisha kuwa Njia Kuu. Unachoweza kuuliza ni kama amefuata mwendo mmoja. Bibi huyo huyo asiseme "mato" ukurasa wa kwanza na "macho" wa pili, ila kama kuna sababu. Na usimulizi, kama gazeti analolipelekea linataka Kiswahili sanifu, hiyo ni shauri yake na mhariri.

Mwanachama wa Changamwe: *Nimepewa kisa, na ninashuku kimeandikwa na programu ya kompyuta. Kila kitu ni "kito kinachong'aa" na "mandhari ya kupumbaza". Nifanye nini?*

Usimtuhumu. Watu waliandika kito kinachong'aa tangu kabla kompyuta hazijafika Changamwe. Muulize swali la mikono. Boti ilikuwa na rangi gani, nauli ulilipa kabla au baada, nani alikaa kando yako. Aliyekwenda atajibu. Asiyekumbuka kitu chochote, mwambie tu ukweli wako: hukupata mahali pa kupanda.

Bi mmoja wa Majengo: *Na kama kisa ni cha msiba? Rafiki yangu alifiwa na mumewe wakiwa safarini Tanga, ameandika, amenitumia saa sita za usiku.*

Hapo somo langu lisimame kwanza. Mtumie pole, umpigie asubuhi. Usiseme lolote juu ya aya. Huenda hakukutumia kwa ajili ya maoni, alitaka tu mtu mwengine awe ndani ya usiku ule pamoja naye. Siku akikuuliza mwenyewe "waonaje nilivyoandika?", mpe alama za kupanda peke yake. Za kushuka zinaweza kungoja mwaka.

Kijana wa Mtwapa: *Mimi nilishuka sentensi ya kwanza kabisa. Nimwambie hivyo hivyo?*

Mwambie, ila soma mpaka mwisho kwanza. Mara nyingi kisa kinaanza ukurasa wa pili, na huo wa kwanza ni mwandishi akitafuta viatu. "Kwangu mimi safari ilianza hapa," ukaweka kidole, inatosha. Atajua la kufanya na yaliyo juu yake.

Dada wa Bamburi: *Naweza kutuma maoni kwa sauti kwenye WhatsApp? Kuandika kwanichosha.*

Waweza, na kwa wengi sauti ina huruma kuliko maandishi. Lakini isizidi dakika tatu, na utaje ukurasa na mstari, kwa sababu hakuna mtu atakayesikiliza tena dakika kumi na moja akitafuta pale uliposema "ile sehemu ya katikati". Na usirekodi ndani ya matatu. Nilipokea moja wiki jana, nusu yake ni makanga akiita watu wa Bombolulu.

Mwanachama wa Tudor: *Kisa cha kuku tutakisikia chote lini?*

Anaandika. Aya ya chai ameifuta mwenyewe, na amenikataza kusema zaidi. Jumamosi baada ya Alasiri, baraza lile lile. Atakayekuja aje na kalamu ya risasi. Nyekundu iacheni nyumbani, yangu nimeshampa mtoto wa jirani achoree samaki.